Maziwa Yaliyokamuliwa Kesho

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mjini Tanga, mbele ya walimu wa somo la kompyuta na vijana wanaoandika programu. Waliokosa wameomba maandishi yake. Nimeiweka kama nilivyoizungumza, ila picha za ukutani nimeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wangu, hamjambo? Na wakubwa zangu mlioko huko nyuma, shikamooni.

Nimepewa swali moja tu leo, nalo ni fupi: sudokodi, yaani zile hatua za programu tunazomwandikia mtu azisome kabla hazijageuzwa kuwa programu, ni ipi? Mtu akikuletea karatasi, ni dalili gani itakayokufanya useme hii ni sudokodi na ile siyo? Nilipoambiwa nina dakika arobaini kwa swali hilo nilicheka. Nilipokaa kuandaa nikaona hazitoshi.

Nianze na nyumbani. Mpwa wangu yupo sekondari, shule siitaji. Kwenye jaribio waliambiwa waandike sudokodi ya mashine ya kutolea pesa. Karatasi yake ninayo hapa, naisoma kama ilivyo: "Pokea kadi. Uliza namba ya siri. Ikikosewa mara tatu, meza kadi na uache. Uliza kiasi. Kiasi kikizidi salio, sema salio halitoshi, rudi kuuliza kiasi. Kama sivyo, punguza salio, toa noti, rudisha kadi."

Alipata sifuri. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Hii ni insha."

Jirani yake wa dawati alipata alama zote. Nikaomba nione na ya jirani. Ilikuwa nzuri kwa macho, sikatai. BEGIN (anza) juu, END (mwisho) chini, kila IF (kama) ina ENDIF (mwisho wa kama) yake, mistari imesogezwa ndani kama askari wa gwaride. Na katikati ya gwaride hilo, mstari mmoja: "IF namba ya siri ni sahihi THEN shughulikia muamala ENDIF."

Shughulikia! Ndugu zangu, shughulikia vipi? Salio lisipotosha? Akikosea namba ya siri mara ngapi? Kadi inarudi kabla ya noti au baada ya noti? Nani ameamua? Hakuna aliyeamua. Swali lote la mtihani limefungiwa ndani ya neno moja, na neno hilo limevishwa sare.

Basi hapo ndipo ulipo mzozo wangu, na sitauficha mpaka mwisho. Mimi naamini sudokodi haitambuliwi kwa sare. Inatambuliwa kwa maamuzi. Ukiisoma, kila mahali ambapo mambo yangeweza kwenda huku au kule, kuna mtu ameshasema yaende wapi. Nitakuwa nauliza "nani ameamua?" mpaka mnichoke.

Kuna wanaopenda kuiita msimbo bandia. Sina ugomvi nao, ila neno bandia lina watoto wawili wa tabia tofauti. Ipo noti bandia, inafanana na noti kwa kila kitu ila dukani hainunui kitu. Na yapo meno bandia. Meno bandia hayafanani sana na meno, bibi yangu aliyaweka kwenye glasi usiku, lakini mchana yalitafuna muhogo. Sasa ile karatasi yenye BEGIN na END ni bandia ya aina gani?

Turudi nyuma kidogo, maana neno hili lina safari.

Mwaka 1843 Ada Lovelace, Mwingereza, alichapisha maelezo yake juu ya mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage. Ndani yake mna jedwali la hatua 25: zidisha hiki na hiki, jibu liweke hapa, gawanya, toa, rudia, mpaka itoke namba ya Bernoulli, moja ya namba za mfuatano maalumu wa hesabu. Mashine yenyewe haikuwahi kukamilika. Sasa niambieni, hiyo ilikuwa programu au sudokodi? Wanahistoria wengi wanaiita programu ya kwanza kuchapishwa. Mimi nikiitazama naona karatasi iliyoandikwa ili isomwe na mtu, kwa sababu mashine ya kuisoma haikuwepo. Na ina kosa. Hatua ya 4, kwenye kugawanya, kigawanyo na kigawanywa vimebadilishana nafasi. Mashine ingekuwepo, jibu la ajabu lingemshtua mtu siku ileile. Karatasi haishtuki, na hiyo ndiyo hatari ya kila kitu tunachokizungumza leo.

Neno lenyewe lilipoanza kutumika, miaka ya 1950, halikuwa na maana tuliyonayo sisi. Sudokodi wakati ule ilikuwa kitu ambacho kompyuta inakitekeleza kweli, ila kwa kupitia mkalimani. John Backus na wenzake pale IBM mwaka 1953 walitengeneza Speedcoding kwa ajili ya kompyuta ya IBM 701. Unaandika amri fupi zinazokufaa wewe, halafu programu nyingine inazisoma na kuzitimiza moja moja. Grace Hopper na timu yake walifanya jambo la jamii hiyo kwenye kompyuta ya UNIVAC. Ilikuwa bandia kwa sababu moja tu, kwamba hizo hazikuwa amri za mashine yenyewe.

Kisha ikaja ALGOL, lugha ya kuandikia programu. Ripoti ya mwaka 1960, iliyohaririwa na Peter Naur, iliipa lugha hiyo sura tatu: sura ya rejea, sura ya kuchapishia majaridani, na sura ya kuingizia kwenye mashine. Yaani walikubali waziwazi kwamba kuna kuandika kwa ajili ya macho ya watu na kuna kuandika kwa ajili ya chuma. Namna ya kusoma data na kuchapa majibu ripoti haikuigusa, kila mtu na mashine yake. Kwa miaka mingi watu walipashana njia za kukokotoa kwa ALGOL kwenye majarida, wakizisoma kama sisi tunavyosoma barua. Zile begin na end na if na then zilizojaa kwenye vitabu vyetu vya shule, kwa sehemu kubwa tumezirithi huko. Ni nguo za babu. Hatujavunja sheria yoyote tukizivua.

Nisieleweke vibaya, walimu. Anayesahihisha karatasi elfu moja anahitaji umbo moja, vinginevyo atalia. Baraza la mitihani la Cambridge hutoa mwongozo mzima wa sudokodi yake, mpaka mshale wa kuipa kigeu (jina linalobeba thamani) thamani yake umepangiwa sura. Ni sawa kabisa. Ila tukubaliane kwamba kitu chenye sheria za herufi kiasi hicho ni lugha ya programu iliyokosa tu kompaila, yaani programu ya kuigeuza kuwa amri za mashine. Mwanafunzi aifuate kwenye mtihani. Asiambiwe kwamba nje ya hapo hakuna sudokodi.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe, nacho ni cha aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia ushirika mmoja wa wafugaji kutengeneza programu ya kupokelea maziwa. Mfugaji analeta, yanapimwa, anapewa stakabadhi. Maziwa yanayochelewa gari la asubuhi huandikwa tarehe ya kesho, maana huondoka na gari la kesho. Nikaandika sudokodi kwa Kiswahili, na nilijivuna sana kwamba ni kwa Kiswahili:

Kama muda wa kupokea ni kuanzia saa 12 hadi saa 3
    tarehe ya maziwa ni leo
Vinginevyo
    tarehe ya maziwa ni kesho

Nikampa kijana mwenzetu aigeuze kuwa programu. Hodari sana, lakini amekulia Uingereza. Kiswahili anakiongea vizuri, kasoro saa. (Mnacheka. Kumbe mmeshafika kabla yangu.)

Kijana akaandika kama alivyosoma: saa iwe 12 au zaidi, na saa iwe 3 au pungufu. Hebu nitajieni namba moja, moja tu, iliyo 12 au zaidi na wakati huohuo ni 3 au pungufu. Haipo. Sharti halitimii milele. Kwa hiyo kila tone la maziwa, lije alfajiri, lije mchana, linakwenda "vinginevyo".

Jumatatu ya majaribio, mfugaji wa kwanza ni mzee mmoja na dumu lake, lita nane. Yakapimwa, stakabadhi ikatoka, mzee akavaa miwani, akaisoma taratibu. Kisha akaniangalia: "Mwanangu, haya maziwa nimeyakamua kesho?"

Kosa la nani? Msimlaumu kijana. Hakuwa na mahali pa kujua, na mimi siku hizo nilikuwa safarini, simu haipatikani. Kosa ni langu. Nilidhani nimeandika uamuzi, kumbe nilikuwa nimeuacha kichwani mwangu. Saa 12 ya asubuhi, saa inayomwamsha kila mtu hapa Tanga, ilikuwa kichwani mwangu, kwenye karatasi palikuwa na 12 tupu.

Toka siku ile nina jaribio langu la kwanza. Mpe mtu karatasi yako, kisha uondoke. Asikupigie, asikutumie ujumbe, asikuulize chochote. Akiweza kuandika programu inayofanya ulichokusudia, kwa lugha yoyote anayoipenda yeye, hiyo ni sudokodi. Akilazimika kukutafuta, bado ulikuwa unawaza.

Lakini kisa hakijaisha, na sehemu nzuri ndiyo inakuja. Niliporekebisha nikaandika "kuanzia saa 12 asubuhi, yaani 06:00, hadi saa 3 asubuhi, yaani 09:00". Nikamsomea mama anayepima maziwa pale kituoni. Mama yule hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu maishani. Akaniuliza, "Saa 3 ya kufika au saa 3 ya kupimwa?"

Nikakosa jibu. Mvua ikinyesha, akasema, bodaboda zote zinafika kwa mkupuo. Mtu amefika saa 3 kasoro robo, foleni ndefu, anapimwa saa 3 na dakika tano. Gari bado lipo, linamngoja. Utamwandikia kesho? Atapigana. Akaendelea: "Hapa anayefika anachukua namba. Namba yake ndiyo saa yake."

Namba yake ndiyo saa yake! Maneno matano, na ndiyo mstari muhimu kuliko yote katika programu ile. Mimi sikuuandika, kijana hakuuandika, aliuandika mama wa mizani. Na aliweza kuuandika kwa sababu gani? Kwa sababu alichosomewa alikielewa. Ningempelekea programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java asingesema kitu. Ningempelekea "shughulikia muamala" pia asingesema kitu, maana hapo hakuna cha kubishia.

Ndiyo maana jaribio la pili ni hili: mwenye kazi aweze kuibishia. Muuza duka, nesi, mhasibu, mama wa mizani. Akikusikiliza mpaka mwisho, akaitikia "haya baba, sawa" kwa heshima tu, jua umeandika kwa lugha isiyo yake, hata kama ni Kiswahili.

Sasa kuna kijana anajiuliza, niandike kwa undani kiasi gani? Je, nikisema "panga majina" nimetenda dhambi? Inategemea kilicholetwa mezani. Kama kazi ni kuchapa orodha ya wanachama, "panga majina kwa alfabeti" inatosha, ila useme ni kwa jina la kwanza au la ukoo. Kama somo lenyewe ni njia za kupanga, hapo "panga majina" ni kama mpishi anayekufundisha pilau kwa kusema "pika pilau". Nalipita hilo haraka, kwa kuwa likizoeleka halisumbui tena.

Linalosumbua ni lile ambalo sudokodi yako imelisema sawasawa na bado programu ikaanguka. Nina kisa chake, na hiki si cha kwangu, ni cha dunia nzima.

Wote mnajua kutafuta neno kwenye kamusi. Unafungua katikati. Neno lako likiwa mbele, unaacha nusu ya nyuma, unafungua katikati ya nusu iliyobaki. Kamusi ya maneno milioni moja inakwisha kwa hatua 20 tu. Sudokodi yake watoto wanaifahamu: katikati ni mwanzo jumlisha mwisho, gawanya kwa mbili.

Jon Bentley, mmoja wa walimu wakubwa wa kazi hii, aliiandika njia hiyo na kuithibitisha kwa hoja, hatua kwa hatua, kwamba ni sahihi. Joshua Bloch, aliyepita mikononi mwa Bentley, akaiandika kwenye maktaba ya Java, yaani hazina ya vipande vya programu vilivyo tayari kutumika. Mwaka 2006 Bloch mwenyewe akaeleza hadharani kwamba ina kosa, na kosa hilo lilikaa humo kama miaka tisa. Kosa lipo wapi? Kwenye kujumlisha. Namba ya kawaida ya Java haivuki 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa sana, yenye vitu zaidi ya bilioni moja, mwanzo jumlisha mwisho inapita dari, inageuka kuwa hasi, na unajikuta unafungua kamusi ukurasa ulio chini ya sifuri. Dawa ni kuandika: mwanzo, jumlisha nusu ya tofauti ya mwisho na mwanzo. Kwenye daftari la hesabu ni kitu kilekile. Kwenye mashine ni vitu viwili.

Je, sudokodi ilikuwa na kosa? Hapa tunagawanyika, na nilipoliuliza swali hili kwa walimu wenzangu jana usiku chakula kilipoa. Mimi nasema haikuwa na kosa. Sudokodi inaishi katika nchi ambayo namba hazina dari. Ni nchi halali. Lakini anayevuka mpaka kwenda kwenye Java anavuka na mizigo, akaguliwe. Na kama dari lenyewe ni sehemu ya kazi, basi liingie kwenye karatasi. Gawa shilingi 10,000 sawasawa kwa watu watatu. Kila mmoja 3,333, inabaki shilingi moja. Ya nani? Hilo dari ni la pesa wala si la Java, kwa hiyo ni lako. Nani ameamua?

Nije kwa wale wa lugha ya Python, maana nimewaona mmekaa pamoja pale upande wa dirishani. Mnasema Python ndiyo sudokodi inayokimbia. Nawaelewa. Guido van Rossum alipoitoa mwaka 1991 alitupa lugha inayosomeka, na mimi huitumia ubaoni kila wiki. Lakini Python haiji peke yake, inakuja na maamuzi yake mfukoni. Nikikuambia hesabu kuanzia 1 hadi 10, mtoto wa chekechea ataitaja 10. Iandike range(1, 10), Python itaishia 9. Chukua hasi 7, gawanya kwa 3, ubakize salio. Python itakupa 2, Java itakupa hasi 1. Ukimwachia mwenzako Python ukaiita sudokodi, akaihamishia Java neno kwa neno, mmegombana bila kujua.

Na mnipe ruhusa nichepuke kidogo kwenye siku za wiki, kwa kuwa nazipenda mno. Andika kwenye sudokodi "siku ya 1 ya wiki". Ni siku gani? Python katika amri yake weekday() inaanza na Jumatatu, tena inaiita 0. JavaScript, lugha nyingine, inaanza na Jumapili, nayo 0. Viwango vya kimataifa vinasema Jumatatu ni 1. Na Kiswahili? Kiswahili kimeshajibu ndani ya jina: Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Jumatatu, tatu. Jumanne, nne. Jumatano, tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo ukiirudisha kwa Waarabu nayo ni ya tano! Tuna wiki yenye tano mbili, na tumeishi nayo karne na karne bila hitilafu yoyote. Mashine ingeshaanguka. Basi andika "Jumatatu", usiandike "siku ya 1".

La mwisho, na hili vijana mnalijua kuliko mimi. Siku hizi mtu anaandika maelezo kwa maneno ya kawaida, anayapa mashine ya akili bandia, na programu inatoka. Ukiangalia vizuri, neno limerudi kwao. Tumerudi miaka ya 1950, sudokodi inasomwa na mkalimani wa mashine na kutimizwa. Tofauti ni kwamba mkalimani wa Backus alipokutana na pengo alikwama. Huyu wa sasa mara nyingi halalamiki. Ukimwandikia "shughulikia muamala" atashughulikia, atakuchagulia kadi irudi lini, makosa ya namba ya siri yahesabiwe vipi, na shilingi moja iliyobaki iende kwa nani. Ataandika vizuri, na mistari itasogezwa ndani kama gwaride. Nani ameamua?

Nilirudi kwa mpwa wangu na karatasi yake ya sifuri. Nikamwambia ni sudokodi, tena nzuri, ila ina mashimo mawili. La kwanza, "ikikosewa mara tatu": mara tatu mfululizo, au tangu kadi ilipotolewa? La pili, ameandika punguza salio, kisha toa noti. Umeme ukikatika hapo katikati? Alinyamaza kama dakika nzima. Kisha akauliza, "Mjomba, kwani mimi ndiye ninayetakiwa kuamua hayo, au benki?" Nikamwambia aandike swali hilohilo kwenye karatasi, juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza.

Sasa karatasi zimeshapita, kila mtu anayo? Andika namna ya kugawa zile shilingi 10,000 kwa watu watatu. Ukimaliza mpe aliyekaa kushoto kwako, naye haruhusiwi kukuuliza neno. Chai inaingia saa 4 kamili. Asubuhi. 10:00.